Makala Yako Imefutwa: Mwongozo Kamili wa Kushughulika na Wakabidhi wa Wikipedia, kwa Waandishi wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa Masasi, mwanachuo wa Mtwara mjini, mtumishi wa halmashauri huko Kilwa au kijana wa Nachingwea ambaye aliandika jambo la kwao katika Wikipedia ya Kiswahili, akalala ameridhika, na alipoamka akakuta maandishi yake yameondolewa na mtu asiyemfahamu, ambaye pengine hajawahi kuvuka Rufiji kuja kusini. Malalamiko ya aina hiyo yana haki mara nyingi kuliko wahusika wanavyokubali. Hata hivyo, mengi hufa kwa sababu mlalamikaji hutetea ukweli wa jambo lake, ilhali aliyefuta hakuuliza kama jambo ni kweli bali aliuliza ushahidi wake uko wapi.

Kabla ya hatua yoyote, ni vyema kuelewa nani ana mamlaka gani. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, na huandikwa na watu wanaojitolea. Baadhi yao huchaguliwa na wenzao kuwa wakabidhi, yaani hupewa uwezo wa kufuta kurasa, kuzifunga zisihaririwe na kuwazuia watumiaji. Hawalipwi. Wikimedia Foundation, shirika la San Francisco linalomiliki mitambo, haliamui aya ipi ibaki na ipi iondoke, kwa hiyo anayeliandikia barua kuhusu maudhui ya makala moja hurudishwa kwa jumuiya ileile aliyoikimbia. Kwa mujibu wa kanuni, mkabidhi hana sauti kubwa kuliko yako katika kuamua maudhui. Uwezo wake ni wa usafi na ulinzi tu. Kwa vitendo, katika Wikipedia ndogo yenye wakabidhi wachache, mtu mmoja anaweza kuwa mshitaki, hakimu na askari magereza katika shauri lilelile, na hakuna sababu ya kuficha kwamba hilo ni tatizo.

Hatua ya kwanza: tambua kilichotokea

Watu husema "wamenifuta" kwa mambo manne yasiyofanana. Huenda badiliko lako limetenguliwa, yaani makala ipo lakini imerudishwa kwenye toleo la awali. Huenda makala nzima imefutwa. Huenda imewekewa kigezo cha kupendekezwa kufutwa, na mjadala bado uko wazi. Au huenda akaunti yako, au anwani ya mtandao unayotumia, imezuiwa. Kila moja lina mlango wake, na ukigonga mlango wa jingine utapoteza wiki nzima.

Fungua historia ya ukurasa kwa kichupo kilicho juu ya makala. Humo utaona kila toleo, jina la aliyehariri, saa, na muhtasari mfupi wa sababu. Kama makala imefutwa kabisa, fungua jina lake tena na utaoneshwa kumbukumbu ya ufutaji pamoja na sababu iliyoandikwa. Kisha tazama ukurasa wako wa majadiliano, kwa kuwa onyo hupelekwa huko na wengi hawalioni kwa sababu wanatumia simu. Usidhani pia kwamba aliyekutengua lazima ni mkabidhi. Mara nyingi ni mhariri wa kawaida mwenye haki sawa na zako, na wakati mwingine ni kichujio cha kompyuta kilichokwazwa na viungo vingi vya nje au maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Nakili maandishi yako mahali pengine papo hapo. Makala iliyofutwa haiteketei, kwani wakabidhi huendelea kuiona na wanaweza kukurudishia maandishi kwenye ukurasa wako wa majaribio ukiomba, lakini ni afadhali kuwa nayo mkononi kuliko kumwomba mtu mnayegombana naye.

Hatua ya pili: isome sababu kwa jicho la aliyefuta

Sababu inayoua makala haraka zaidi ni kunakili. Ukichukua historia ya wilaya kutoka tovuti ya halmashauri na kuibandika, itaondolewa hata kama wewe ndiye uliyeiandika hapo awali, kwa sababu maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuyatumia, kuyabadilisha na hata kuyauza, na mkabidhi hana namna ya kujua kwamba mwenye maandishi ameridhia. Taarifa zenyewe hazina mwenyewe, ila mpangilio wa maneno unaye. Hapa hakuna cha kujadili: andika upya kwa maneno yako.

Sababu ya pili ni tafsiri ya mashine. Kati ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, Google iliendesha shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki. Makala ziliongezeka, lakini washiriki wengi hawakurudi baada ya zawadi kutolewa, na zilizobaki na kasoro wakaachiwa wenyeji wachache kuzisafisha. Mashindano mengine yamefuata tangu hapo. Mkabidhi ambaye amesafisha Kiswahili kibovu kwa miaka hukosa subira, na mgeni mwenye nia njema huangukiwa na hasira ambayo hakuisababisha. Kueleza hivyo si kumtetea, ni kukusaidia ujue kwamba aya ya kwanza ya makala yako ndiyo inayosomwa kwa mashaka zaidi. Ikiwa imekaa kama tafsiri, zilizofuata hazitasomwa.

Sababu ya tatu, ambayo ndiyo chimbuko la manung'uniko mengi, ni kile kinachoitwa umaarufu: je, jambo hili limeandikwa vya kutosha na watu wasiohusika nalo? Kanuni hii imewahi kuwaaibisha wahariri wa Wikipedia wenyewe. Mwezi Mei mwaka 2018 rasimu ya makala kuhusu Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa katika Wikipedia ya Kiingereza kwa sababu vyanzo vilivyowekwa havikuonesha kwamba anastahili. Mwezi Oktoba mwaka huohuo alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na makala ikaandikwa siku hiyohiyo. Ikiwa profesa wa namna hiyo alikataliwa, fundi wa vinyago wa Newala asishangae.

Karibu na hiyo iko sababu ya "mimi najua, nimezaliwa hapa". Mwaka 2012 mwandishi wa Marekani Philip Roth alitaka kurekebisha maelezo kuhusu chimbuko la riwaya yake mwenyewe, akaambiwa kwamba neno lake peke yake halitoshi na kwamba kinahitajika chanzo kingine. Alichofanya ni kuandika barua ya wazi, ikachapishwa na jarida la The New Yorker, na baada ya kuchapishwa ikaweza kutajwa katika makala. Neno lilikuwa lilelile; kilichobadilika ni kwamba sasa lilikuwa mahali ambapo msomaji angeweza kulikagua. Hatua inayofuata inasimama juu ya jambo hilo.

Hatua ya tatu: tafuta ushahidi unaopatikana kusini

Ni kweli kwamba kanuni ya vyanzo vilivyochapishwa inaiumiza mikoa yetu. Kijiji cha wilayani Liwale kinaweza kuwa na mambo yanayofahamika na kila mzee, lakini hakuna gazeti lililotuma mwandishi kuyaandika. Mwaka 2011 ulifanyika mradi wa majaribio huko India na Afrika Kusini wa kurekodi masimulizi ya wazee na kuyatumia kama vyanzo katika Wikipedia, lakini haukugeuka kuwa kanuni ya kawaida. Kwa hiyo, kumwambia mkabidhi "muulize mzee fulani wa Mikindani" hakutakufikisha popote.

Pamoja na hayo, vyanzo vyetu ni vingi kuliko tunavyodhani, na mhariri makini huanzia kwenye vile visivyobishaniwa. Ripoti za Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, zilizotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, zinaonesha kwamba Mkoa wa Mtwara ulikuwa na wakazi 1,634,947 na Lindi 1,194,028, nazo zinashuka hadi ngazi ya kata. Wikipedia ya Kiswahili ina makala fupi za kata nyingi za Tanzania, na baadhi bado zinabeba takwimu za sensa ya 2012. Mgeni anayeanza kwa kusahihisha namba hizo, kata moja baada ya nyingine, huku akiweka tanbihi kila mara, hujijengea jina zuri kabla hajagusa jambo lenye ubishi. Binafsi naona hii ndiyo njia bora kuliko zote za kuanza, ingawa haina msisimko.

Kumbukumbu za majadiliano ya Bunge hupatikana mtandaoni, na zinafaa sana kwa mambo ambayo wabunge wa kusini wameyauliza: barabara, bei ya korosho, gesi ya Mnazi Bay. Kuhusu korosho kuna tafiti za kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele. Kuhusu Kilwa Kisiwani kuna nyaraka za UNESCO, ambako magofu yaliandikishwa kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya hatari na kutolewa humo mwaka 2014. Magazeti ya Mwananchi, Nipashe na Habari Leo yanakubalika. Andika tarehe na kichwa cha habari, maana kiungo cha gazeti hufa mapema. Gazeti la karatasi lililomo maktaba pia ni chanzo halali hata kama halipo mtandaoni, na mkabidhi anayelikataa kwa sababu tu hawezi kulibofya anakosea. Unaweza kumwambia hivyo kwa heshima.

Masimulizi yenyewe huingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya ushuhuda wa wazee kuhusu Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, ndani ya Wilaya ya Kilwa ya leo. Yaliyosemwa na wazee yakawa karatasi za utafiti, na kuanzia hapo yanaweza kutajwa. Mwalimu wa historia anayewatuma wanafunzi kukusanya habari za kijiji, kisha akazitoa katika jarida la chuo au kumshawishi mwandishi wa gazeti aziandike, ametengeneza chanzo ambacho makala ya mwakani itakitegemea. Asijichapishie tu katika blogu yake na kuitaja, kwa sababu hilo hukataliwa.

Hatua ya nne: andika upya kwa namna isiyompa mtu kisingizio

Chukua mfano wa Tendaguru, kilima kilichopo kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Mtu wa Lindi akiandika "Wajerumani wezi walituibia mjusi wetu na hadi leo wanakula pesa za utalii," sentensi hiyo haitadumu, na si kwa sababu wakabidhi wanawapenda Wajerumani. Linganisha na hii: "Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa wataalamu wa makumbusho ya Berlin ulichimba visukuku vyenye uzito wa zaidi ya tani 200 huko Tendaguru; vilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi na kusafirishwa Ujerumani, ambako kiunzi kimoja cha dinosaria chenye kimo cha mita 13.27 kimejengwa kutokana na mifupa hiyo." Kila kipande cha sentensi hii kinaweza kuwekewa tanbihi, na msomaji anayeisoma atafikia hisia uliyotaka kumpa bila wewe kuitaja. Kama unataka kueleza madai ya kurejeshwa kwa mifupa, usiyaseme kwa sauti ya makala, bali eleza nani aliyatoa, wapi na lini.

Vilevile kuna nafasi ambazo hakuna aliyekuzuia kuzijaza. Katika msafara ule, Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi na fundi mkuu wa uchimbaji, na mwaka 2007 aina moja ya dinosaria wa Tendaguru ilipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Aya inayomhusu, yenye chanzo hicho cha kisayansi, ni vigumu sana kuiondoa. Nguvu zinazopotea kugombania neno "wezi" zingetosha kuiandika mara kumi.

Kuwa mwangalifu zaidi unapogusa watu walio hai na matukio ya karibuni kama ghasia za Mtwara za mwaka 2013 kuhusu bomba la gesi. Huko hata wakabidhi wapole huwa wakali, na wana sababu: tuhuma isiyo na chanzo inaweza kumdhuru mtu halisi. Na ikiwa makala inahusu nyumba yako ya wageni, taasisi unayoifanyia kazi au mgombea unayemuunga mkono, tangaza uhusiano huo katika ukurasa wa majadiliano na upendekeze maandishi huko ili mwingine ayaweke. Anayejificha hugunduliwa, kwa kuwa historia yake ya uhariri iko wazi kwa wote.

Hatua ya tano: zungumza mahali panapoonekana

Usirudishe maandishi yako mara ya pili kabla ya kuzungumza. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa hata kama ana haki, na katika Wikipedia ndogo mkabidhi hutumia busara yake, ambayo huenda ikawa kali zaidi. Andika katika ukurasa wa majadiliano wa makala yenyewe, si kwa ujumbe wa faragha, kwa sababu kila utakachohitaji baadaye katika rufaa ni ushahidi kwamba uliuliza vizuri na ulijibiwa namna gani.

Ujumbe mzuri ni mfupi, unataja badiliko lenyewe na unapendekeza suluhisho. Kwa mfano:

"Salaam ndugu mhariri. Jana uliondoa aya niliyoongeza kuhusu wapagazi wa Tendaguru kwa sababu haikuwa na chanzo. Nimepata chanzo, nacho nimekiandika hapa chini pamoja na namba ya ukurasa. Napendekeza aya isomeke kama ifuatavyo. Ikiwa kuna neno linalokukwaza, naomba ulitaje ili tulirekebishe. Nisipoona pingamizi ndani ya wiki moja nitairudisha ikiwa na tanbihi hiyo. Ahsante kwa kazi."

"Ndugu" inatosha. Kumwita "mkuu" au "bosi" husomeka kama kejeli, na kumwambia kwamba hajui lolote kuhusu kusini, hata ikiwa hajui, humpa nafasi ya kujibu lugha yako badala ya hoja yako. Weka saini kwa alama nne za mawimbi (~~~~) ili jina lako na saa vijiandike. Kisha subiri kwa dhati, maana watu hawa wana ajira zao na wengine huingia mwisho wa juma tu. Usiwaalike rafiki zako wa kundi la WhatsApp waje kukuunga mkono. Akaunti mpya kumi zinazosema jambo moja siku moja huonekana kuwa ni mtu mmoja, na kesi huharibika moja kwa moja.

Hatua ya sita: kata rufaa kwa utaratibu

Asipojibu, au akijibu kwa dharau, peleka suala katika ukurasa wa jumuiya, ambako wakabidhi wengine na wahariri wazoefu husoma. Weka viungo vya matoleo husika na vya majadiliano, eleza mfuatano wa matukio bila vivumishi, na useme unachotaka: makala irudishwe, ufunguzi wa ukurasa, au maoni ya mtu wa tatu. Tofautisha malalamiko ya maudhui na malalamiko ya mwenendo. La kwanza ni kwamba chanzo chako kimekataliwa isivyo haki. La pili ni kwamba mkabidhi amemzuia mtu waliyekuwa wakibishana naye, amefuta bila kutaja sababu, au ametukana. Ukiyachanganya, watashughulikia lile jepesi na kuliacha zito.

Juu ya jumuiya ya lugha moja ipo tovuti ya Meta-Wiki, au kwa kifupi Meta (si kampuni ya Facebook), inayounganisha miradi yote ya Wikimedia, pamoja na wasimamizi wa kimataifa wanaochaguliwa kila mwaka. Hawa hawaingilii maudhui, lakini hupokea taarifa za matumizi mabaya ya madaraka. Tangu mwaka 2021 kuna pia kanuni za maadili zinazofungamanisha miradi yote ya Wikimedia, wakabidhi wakiwemo, na mwaka 2024 ilichaguliwa kamati ya kusimamia utekelezaji wake. Je, njia hii huzaa matunda? Huzaa, ila polepole mno. Wikipedia ya Kikroashia ilishikwa na kikundi cha wakabidhi kwa takriban miaka kumi, wakipindisha historia na kuwafukuza waliowapinga, mpaka kiongozi wao alipoondolewa na ripoti ya tathmini ikatolewa mwaka 2021. Waliofanikisha hilo ni wahariri waliotunza kumbukumbu, kiungo kwa kiungo.

Ukikuta umezuiwa

Soma kwanza nani amezuiwa. Kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya mtandao, hivyo mtu wa Tandahimba anaweza kulipia uharibifu uliofanywa na mteja mwingine asiyemjua. Kufungua akaunti na kuingia mara nyingi huondoa tatizo hilo. Wanaotumia VPN, yaani programu inayoficha anwani halisi ya mtumiaji, hukuta wamezuiwa kabisa kuhariri, kwa sababu Wikipedia huzuia anwani za aina hiyo katika miradi yote ili kupambana na waharibifu. Wahariri wengi wa Afrika wameilalamikia sera hii, na wana hoja. Izime unapohariri, na kama huwezi, omba msamaha wa kuzuiwa kwa anwani kupitia Meta. Ikiwa ni akaunti yako yenyewe iliyozuiwa, kwa kawaida bado unaweza kuandika katika ukurasa wako wa majadiliano: eleza unaelewa umezuiwa kwa nini, utafanya nini tofauti, na uombe mkabidhi mwingine aangalie. Usifungue akaunti ya pili.

Picha na ramani

Picha huhifadhiwa Wikimedia Commons, yenye wasimamizi wake. Pakia uliyoipiga mwenyewe, ukiwa na faili halisi kutoka kwenye simu, maana picha iliyopitia WhatsApp hupoteza taarifa zake za ndani na hushukiwa kuwa imechukuliwa mahali. Kinyago cha Kimakonde kilichochongwa na fundi aliye hai ni kazi yake, na picha yake huhitaji idhini yake ya maandishi iliyotumwa kwa barua pepe kwa utaratibu wa Commons, hata kama kinyago umekinunua.

OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wanaojitolea, iliyoanzishwa mwaka 2004, ni afueni kwa waliochoshwa na mambo ya tanbihi, kwa sababu humo kilichopo ardhini ndicho chanzo. Njia ya kwenda mtoni, jina la kitongoji, zahanati mpya: ukiviona kwa macho yako unaviandika. Mtu wa mbali akibadilisha jina la kijiji chako kwa kuangalia picha za setilaiti, mwandikie maoni kwenye badiliko lake, ueleze umefika hapo lini na kibao kinasomekaje. Ubishi ukishindikana kuna kikosi cha kujitolea cha kushughulikia data, lakini kwa vijiji vya Mtwara na Lindi mara nyingi maoni hayo ya kwanza hutosha.